Heshima Haivunji Kiti

Juzi, nikiwa kwenye duka la samani mjini Lindi, mama mmoja mnene, mtendaji wa kata, aliulizia kiti imara cha ofisi. Cha zamani kilimwangusha katikati ya kikao, watu wakacheka.

Muuzaji alikuna kichwa akitafuta maneno. "Hiki, mama, ni cha watu wenye... heshima zao."

"Sema wanene, mwanangu. Heshima haivunji kiti."

Akakaa kwa kishindo, akajitupa nyuma, akazunguka. Kiti hakikutoa hata mlio.

"Nikufungie kwenye boksi?"

"Usifunge! Kipakie kwenye bajaji hivyohivyo. Waliocheka wakione kikiingia."

Mimi kiti changu kikilia, huwa naulaumu mwili wangu uliozaa wanne. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakilaumu kiti.