Dawa ya Ng'ambo

Pamba yenye spiriti ikinigusa mkono, pua yangu hurudi Likoni, kwa Bibi yangu aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Sindano yake ilikuwa hospitali, ng'ambo kisiwani, na kila asubuhi Mama alimvusha kwa feri. Bibi akirudi, leso yake hunukia spiriti, nami hujilaza mapajani mwake nikiinusa.

Asubuhi moja miguu ilimkataa.

"Jikaze, mamangu, twende," Mama alimbembeleza.

"Leo siwezi, mwanangu."

Mama akatoka mbio kutafuta watu wa kumbeba. Mimi nikabaki nimemshika Bibi vidole, vya baridi, machozi yakimlengalenga.

"Bibi, usilie. Nikikua nitakuletea kisiwa hapa hapa, usivuke tena."

Akacheka kidogo. "Inshallah, mjukuu wangu. Kilete chote."

Leo mjukuu wangu muuguzi amenidunga insulini nikiwa kitandani mwangu. Akaniambia jina hilo limetokana na neno la Kilatini, kwa kuwa mwilini insulini hutengenezwa na vijisehemu vya kongosho vilivyotapakaa kama visiwa.

"Imeuma, Bibi?"

"Hata. Hebu niambie tena, neno lenyewe maana yake nini?"

"Kisiwa, Bibi."