Karatasi la Kumi na Mbili

Mkutubi hakai. Siku zote tatu za mafunzo, wahudumu wa afya kumi na wawili wakijifunza kutafuta tafiti kwenye kompyuta za maktaba ya chuo pale Njombe, yeye alihangaika nyuma ya viti vyao kama kuku anayetaka kutaga, mikono ya sweta kaikunja na baridi lote lile. Alilamba kidole kabla ya kushusha ukurasa wa kompyuta, utadhani anafunua kitabu. Ukisema dawa fulani inafaa, anakurukia, "Nani kasema? Mwaka gani?" Nesi Dainess alimsikia akimuuliza hivyo hivyo mama wa maandazi.

Mafunzo yalipokwisha, Dainess alikuwa ameshapanda gari la Igwachanya alipomwona mkutubi dirishani, anahema.

"Sista, nirudishie lile karatasi la mfano nililowagawia. Ile makala iliyomo, waandishi wenyewe walishaifuta, dozi ya watoto ilikosewa. Sikuangalia."

"Si ulikuwa mfano tu, mwalimu?"

"Siku ukikosa kingine cha kusoma, utampimia mtoto kwa hilo hilo."

Dainess akampa. Mkutubi alilichanganya na mengine, akalamba kidole, akahesabu kumi na moja. Akahesabu tena.

"Limebaki la mwenzenu Basil. Kaondoka na gari la Makambako."

"Mpigie simu alichane."

"Nimempigia. Anasema ameshalichana. Nani kaona?"

Akaita bodaboda, akasema, "Makambako," akapanda. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu Jumatatu, Dainess kumwona amekaa.