Vifaa Vilivyoozea Kabatini

Darasa la nne walimwita Mama Waya, na hata walimu wenzake walikuwa wamelisahau jina lake la kwenye rejesta. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mkimya, mwenye mkoba uliojaa balbu za tochi alizozitia ndani ya soksi kuukuu zisigongane. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, watoto arobaini na wawili walisukuma madawati wakakaa watatu watatu, kila kundi na kipande cha boksi, betri moja ya tochi, balbu moja na ukanda wa karatasi ya alumini. Swichi walitengeneza kwa kibanio cha karatasi na pini mbili za ubao. Kuchuna waya kwa meno kulikuwa marufuku.

Alikuwa na mtindo wake. Hakuwaonyesha jinsi ya kuwasha balbu. Aliwaambia kwanza wachore njia tatu ambazo wanadhani haitawaka, wazijaribu zote, ndipo watafute ya nne.

"Mama Waya, yetu imekosea! Imewaka!" kundi la dirishani lililalamika siku moja.

"Basi mmefeli kufeli," aliwajibu. "Andikeni kwa nini."

Lakini shule ilikuwa na vifaa vingine, "vya kweli kweli" kama mwalimu mkuu alivyopenda kusema: maboksi kumi na mawili ya plastiki, kila moja na taa na swichi yake ya kujifunzia umeme, yaliyoletwa na wafadhili. Siku ya makabidhiano mwalimu mkuu alitia betri kwa mkono wake katika kila boksi, taa zikawaka, picha zikapigwa. Kisha akayafungia katika kabati la vioo ofisini kwake, betri zikiwa humo humo.

Mama Waya alimwendea mara tatu, na tarehe zote aliziandika nyuma ya daftari lake la maandalio.

"Mkuu, tuzitoe angalau betri. Zikikaa zitavuja."

"Mwalimu, vitu vya wageni haviguswi ovyo. Hao watoto wako wana mikono ya kuharibu. Waendelee na makaratasi yao."

Ikapita miaka miwili. Ijumaa moja akaja mkaguzi wa shule, akataka kuviona vifaa vya wafadhili. Mwalimu mkuu akafungua kabati kwa madaha. Boksi la kwanza lilipofunuliwa, betri zilikuwa zimevimba na kuvuja, na unga mweupe wenye ukijani ulikuwa umekula springi na vibati vyote. La pili vivyo hivyo. Mkaguzi alibonyeza swichi zote kumi na mbili, hakuna taa iliyokonyeza hata kidogo.

"Nataka maelezo ya maandishi, yamesainiwa na kugongwa mhuri, kabla sijaondoka saa nane," alisema, akaenda kukagua vyoo.

Mama Waya alipoitwa ofisini, maelezo yalikuwa tayari. Vifaa vimeharibiwa na wanafunzi wa darasa la nne kwa kuvitumia vibaya. Hatua iliyochukuliwa: kazi za mikono za umeme zimesitishwa. Ilibaki saini ya mwalimu wa somo tu.

"Mkuu, hii ni nini?"

"Ni karatasi tu, dada yangu. Watoto hawafukuzwi kazi. Mimi nafukuzwa."

"Hawajavigusa hata siku moja! Miaka miwili wamevichungulia kwenye kioo kama duka lililofungwa!"

"Punguza sauti. Mgeni yuko hapo nje."

"Nipunguze? Mtoto wa miaka kumi anajua betri haiachwi ndani ya tochi isiyotumika. Wameandika kwenye madaftari yao, nikuletee usome? Leo hao hao ndio waitwe waharibifu, na kipindi chao kifungwe?"

"Saini, Mwalimu. Usinivue nguo mbele ya watu."

"Umejivua mwenyewe, Mkuu."

Akachukua rula, akapitisha mstari juu ya sentensi zote mbili, akaandika chini yake kwamba wanafunzi hawakuwahi kuvitumia vifaa, kwamba betri ziliachwa ndani tangu makabidhiano, na kwamba aliomba zitolewe. Akaweka tarehe zote tatu, akasaini. Mwalimu mkuu akautia mhuri kwenye droo, akakunja mikono.

Mama Waya aliibeba karatasi mpaka chumba cha walimu, akaiweka juu ya madaftari yaliyokuwa yakisahihishwa. "Nani aliwahi kuona boksi hata moja likitoka ofisini mwake?"

Mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana kipindi. Mwalimu wa hesabu, aliyezoea kumtania, akaisoma mara mbili.

"Fundi redio, ugomvi wako na mkuu, sisi tunaingiaje?"

"Kesho ataandika kwamba darasa lako ndilo lililovunja bomba la uani."

"Hilo bomba ameshaliandika," alisema kwa uchungu, akavuta kalamu. Wengine wanne wakasaini chini yake.

Saa nane kasoro dakika tano, Mama Waya aliiweka karatasi mezani kwa mwalimu mkuu, mkaguzi akiwa amesharudi na kuketi hapo. Mkaguzi akaisoma taratibu hadi saini ya mwisho, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Mkuu, mhuri."

Droo ikafunguliwa. Mhuri ukagongwa.

"Na hiki kipindi cha umeme," mkaguzi aliuliza, "kimesitishwa au kipo?"

Mwalimu mkuu akafumbua mdomo, lakini Mama Waya alimwahi.

"Kipo. Ni sasa hivi, na watoto wananisubiri."

Akatoka bila kuaga.