Shoka la Darini

Shoka la mume wangu nililificha mwenyewe, na sikuomba ruhusa ya mtu. Nililifunga kwenye gunia, nikalipandisha darini juu ya jiko, nyuma ya vikapu vya maharage ya mbegu. Kisha nikashuka, nikaendelea kumenya ndizi kama mtu asiye na hatia.

Mume wangu alikuwa fundi kabla hajanioa. Ukienda Rubafu enzi hizo, mlango usiolia ulikuwa wake. Macho yalimwisha polepole, na hata alipokuwa haoni kabisa aliendelea kutengeneza vigoda, kutia majembe mipini na kupasua kuni. Alilipapasa gogo, akalisimamisha, akarudi nyuma hatua moja, akapiga. Watu walikuja kumtazama. Nilikuwa naona fahari, nisidanganye.

Siku moja binti yetu mdogo alikuja kimya kimya kuokota vibanzi. Shoka likatua kando ya mguu wake, nafasi ya kidole kimoja. Mtoto hakulia; yowe nilipiga mimi. Mume wangu alipoelewa kilichotokea alikaa palepale chini. Kesho yake shoka halikuwepo, wala hakuliulizia. Nikadhani kunyamaza kwake ni kukubali, na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Kila kaya ilikuwa na zamu ya kazi za kijiji, na zamu ya mume wangu ilikuwa kupasua kuni za jiko la shule. Alipokosa kufika kwa muda, mjumbe wa nyumba kumi akaja kutuona. Alikuwa mtu mpole, tuliyezoea kukaa naye benchi moja kanisani. Tukamkaribisha kahawa ya kutafuna, akatafuna, akatoa alilojia.

"Bojo, tafadhali, usijisumbue tena," akamwambia mume wangu. "Mkutano ujao mwenyekiti atakusoma kwenye orodha ya wasiojiweza. Kijiji kitakulisha. Ndiyo ujamaa wenyewe huo."

"Mlango unaofunga nyumbani kwako nimeutengeneza mimi," mume wangu akasema. "Leo sijiwezi?"

Mjumbe hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Tangu siku hiyo mume wangu hakugusa tena kigoda alichokuwa amekianza. Alikaa barazani asubuhi mpaka ndizi za mchana zinaiva jikoni, akisalimiwa anaitika tu. Nilimwona anazeeka mbele yangu. Mkutano ulikuwa baada ya wiki tatu. Nikaapa kwamba hatasomwa kwenye orodha ile, hata ikibidi nipasue kuni za shule kwa meno. Nitatafuta chombo cha kupasulia ambacho asiyeona atakitumia, na mtoto akipita karibu mimi nitaendelea na shughuli zangu bila hofu.

Nikaenda Bukoba mjini. Mwenye duka la vifaa akanionyesha kabari na nyundo kubwa. "Hii ndiyo salama, mama." Nikamuuliza, nyundo ikiteremka, kabari imeshikwa na nani? Akakuna kichwa. Mtaani Rwamishenye, seremala mmoja akanishauri ninunue msumeno. Msumeno unakata gogo, haulipasui. Mume wangu angenicheka. Wa tatu akaniuliza kwa nini nisipasue mwenyewe, kwani sina mikono?

"Ninayo, na kuni ninapasua," nikamjibu. "Sikuja kutafuta kuni. Nimekuja kutafuta kazi ya mume wangu." Nilimjibu kwa ukali, na mpaka leo sijutii.

Nikarudi mikono mitupu. Kesho yake nilikuwa namenya ndizi huku namfokea binti yangu, mara nikaitazama mikono yangu. Kisu sikuwa nakiangalia hata kidogo. Kilitulia kwenye ngumi, ndizi ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Miaka yote ile nilikuwa sijajikata. Nikaziacha ndizi zile nusu zimemenywa, nikaenda kutafuta basi la Muleba.

Muleba ndiko nilikozaliwa, na huko nilimfahamu mhunzi mmoja mwenye maneno machache na hasira za karibu. Nikamweleza habari ya shoka nililolificha, na nilichotaka: makali yakae, kuni ndiyo iyafuate. Hakuniuliza mara mbili. Akachora chini kwa kijiti: makali yanatazama juu, yamesimikwa kwenye gogo, na kuyazunguka kuna pete ya chuma ili kuni isimame yenyewe bila kushikwa.

"Lakini chuma cha makali sina," akasema. "Niletee shoka lenyewe."

Nikarudi Rubafu. Nikapanda darini mume wangu akiwa barazani, nikalishusha gunia bila kulifungua, nikasafiri nalo tena.

Mhunzi alilifungua, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Umesema umelificha tangu lini?"

"Tangu msimu wa senene, waitu," nikamjibu kwa adabu.

"Tangu senene, juu ya jiko, na halina masizi?" Akalinusa. "Hii ni samli. Na limenolewa wiki hii, mama."

Uso uliniwaka, nikageukia kwenye mivukuto nikajifanya natazama moto.

Ilimchukua siku mbili. Alilisimika shoka kwenye gogo la mkaratusi, makali juu, na pete akaitoa kwenye gurudumu bovu. Nilipotaka kulibeba akanizuia. "Funga macho kwanza. Utampelekea mwenzio kitu ambacho wewe hukijui?" Nikajifunga kitenge usoni. Nikaipapasa pete, nikasimamisha kuni ndani yake, nikaondoa mkono, nikalaza nyundo juu ya kuni kupima. Niliogopa sana. Nilisikia kuku wanapekua, basi. Nikapiga. Kuni ikapasuka, vipande vikaegemea pete, na makali yakabaki pale pale yalipokuwa.

Mume wangu hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilimshika mkono nikauweka juu ya pete. Akaipapasa, akashuka polepole mpaka kwenye shoka, akalitambua. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu mjumbe aje.

Siku ya mkutano tulifika mapema kwenye uwanja wa shule, tukalitua gogo letu nyuma ya jiko. Mwenyekiti aliposimama na karatasi yake, mume wangu akaanza. Ko! Mwenyekiti akasoma jina la kwanza. Ko! La pili halikusikika kabisa.

"Nani anatupigia kelele huko?"

"Fundi," mume wangu akajibu, bila kuacha. "Niko zamuni."

Watu wakacheka, kisha wakainuka kwenda kutazama, mwenyekiti nyuma yao. Mjumbe wetu alisimama pale hadi rundo la kuni lilipomfika magotini. Akamgeukia katibu, akamwambia afute jina la mume wangu. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi kwa sababu niliisogelea makusudi.

Tukiwa njiani kurudi, amenishika bega, ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza.

"Ulijua lilipo."

"Tangu siku ya kwanza. Ngazi ya darini niliitengeneza mimi. Kipago cha tatu kinalia, na wewe huwa hupandi huko."

"Ukawa unalinoa."

"Ukiwa shambani. Fundi haachi chombo chake kishike kutu."

"Sasa mbona hukulichukua?"

"Ule mguu wa mtoto uliniogopesha hata mimi," akasema. "Halafu ningelichukua, ungelificha mbali zaidi. Nilitaka likae karibu, mpaka wewe mwenyewe ulishushe."

Nilisimama katikati ya njia nikalia, nikamwomba radhi kwa sauti, majirani wakitupita. Yeye alinishika bega vilevile, akingoja nimalize twende.