Krimu ya Kovu la Uji

Nina kovu la uji wa moto, kutoka kiwiko cha kushoto hadi karibu na kiganja. Nyumbani kwetu, kijiji cha jirani na Dutwa, ilijulikana kwamba nililipiga sufuria teke nikiwa mtoto, kwa utundu wangu. Mama ndiye aliyesimulia hivyo, nami sikubisha. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa ananigombeza huku ameshika sufuria, akanimwagia. Nilikuwepo, nakumbuka.

Serikali iliporuhusu biashara huria, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vikopo vya kila rangi. Mama akalizoea duka la dawa baridi kuliko wagonjwa wenyewe. Kila siku ya gulio alirudi na kitu kipya: mafuta ya mgando, sabuni ya dawa, mwisho krimu yenye picha ya msichana mweupe ambaye hajawahi kuona jiko la kuni. Muuzaji alimwapia kwamba inafuta hata kovu la ndui. Jioni alinikalisha mkekani, akauweka mkono wangu pajani mwake, akasugua polepole. Sikuhisi kitu. Kovu lilikuwa limekufa ganzi, na moyo wangu nao haukuwa na nafuu sana.

Nilipopata mchumba, haraka ikaongezeka. Kwetu mashangazi wa kijana huja kumtazama binti kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, na wanaanza na ngozi. Wakiliona kovu, mume sina. Mama akawa anapaka krimu ile asubuhi, mchana na jioni. Ngozi nzima iliyolizunguka kovu ikawa nyeupe. Kovu likabaki jeusi vilevile, sasa linaonekana tangu barabarani.

"Tupake na wa kulia, ifanane," akasema.

Tukapaka. Nikawa na mikono ya mtu mwingine. Ilikuwa ya kuchekesha, lakini sikucheka.

Mashangazi wakaja, wawili. "Mwadila, mayu," wakasalimu, nikapiga magoti kuwapokea. Mkubwa wao akauvuta mkono wangu kwenye mwanga wa mlango.

"Huu ulipatwa na nini?"

Nikafungua mdomo nisimulie habari ya teke. Mama akanitangulia.

"Mimi ndiye niliyemmwagia uji. Kwa hasira zangu."

Walimaliza soda zao, wakaaga, hawakurudi.

Nilidhani nitafurahi kwamba amesema, au angalau nitakasirika kwa kukosa mume. Sikuhisi lolote. Jioni ile nilikaa mkekani, nikanyoosha mkono kama kawaida. Mama akautazama, akanipita kwenda kuchochea moto. Krimu hakununua tena, na mkono wangu hakuushika tena mpaka alipofariki. Hilo ndilo linaloniuma.