Kadi ya Mama Nadine

Pasi ikifoka mvuke juu ya kola ya shati, pua yangu hunusa nguo yenye joto na masikio yangu hungoja king'ora. Kwetu vitu hivyo viliandamana kila Jumapili baada ya ibada. Mama alipiga pasi sare zake tano za kazi na zetu nne za shule, nilizihesabu zote mara mbili, huku kwenye runinga king'ora cha vita kikilia na mpelelezi wa Kiingereza akimwinamia maiti bila kuharibu mkunjo wa suruali yake.

Tulikaa ughaibuni, mtaa wa Handsworth, kwenye zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana kama meno, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kasha la diski za tamthilia hiyo alilinunua duka la mitumba, baada ya kupatana bei na bibi wa Kizungu ambaye hadi siku ile hakujua kwamba bei za dukani kwake hushuka. Alituruhusu kuitazama kwa sababu, alisema, ni tamthilia ya heshima. Watu walinyongwa, wakalishwa sumu, wakaangukiwa na mabomu, lakini hakuna aliyembusu mwenzake.

Ikiisha, tulihamia uani kuicheza. Brayo, mdogo wangu wa miaka minane, alikuwa maiti kila wiki, maana Kiswahili alikielewa lakini alijibu kwa Kiingereza, na maiti hana haja ya kujibu. Hodan wa nyumba ya tatu, Msomali aliyezaliwa Eastleigh akaja kwa kupitia Uholanzi, alikuwa sajini. Mpelelezi mkuu nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, mimi ndiye niliyekuwa na filimbi.

Katika vita ile ya kwenye runinga kila mtu alitembea na kitambulisho. Basi nikakata vyetu kutoka kwenye kartoni ya sereali, nikaandika majina, nikapiga muhuri kwa kipande cha kiazi.

Kisha akaja Nadine. Alikuwa na miaka kumi, na yeye na mama yake walikuwa wametoka Kongo, wakapanga chumba nyumba ya jirani. Jumapili mbili alisimama nyuma ya ukuta mfupi akitutazama. Ya tatu akaomba kucheza.

"Vitambulisho vimeisha," nikamwambia.

Kartoni iliyobaki ilitosha watu sita.

"Sajini, mtu asiye na kitambulisho ni nani?"

"Jasusi," Hodan akasema huku akitafuna.

"Na jasusi hufanywa nini?"

"Hupigwa risasi, bosi. Lakini kwanza anaulizwa maswali, la sivyo tutamaliza mapema."

Nilimwambia Nadine alete karatasi zake kabla sijahesabu hadi ishirini. Tulitarajia acheke, au aniite mjinga, kama mtoto yeyote. Aligeuka akakimbia. Nilipofika kumi na saba alikuwa amerudi anahema, akanikabidhi kwa mikono miwili, macho chini, kadi ya ukaazi ya mama yake. Ya kweli, yenye picha.

Hodan aliacha kutafuna. "Hiyo mrudishie," alisema. Niliitazama mbele, nikaitazama nyuma, nikaitia mfukoni. "Itachunguzwa," nikajibu, kwa sauti ya yule mpelelezi wa Jumapili.

Ningeirudisha kesho yake, nadhani. Lakini kesho yake Nadine alinisubiri njiani tukitoka shule, akaniuliza nataka nini. Ndugu msomaji, mimi nimelelewa sokoni mjini, nimeshika mkoba wa mama akigombania ndizi. Mama alikuwa na msemo wake: bei ya kwanza ni salamu tu. Nikasema shanga mbili za nywele zake. Alizifungua palepale, akanipa, wala hakusema ni nyingi. Mtu asiyejibu salamu nilimdharau. Nikasema shanga hizo ni za kuangalia kadi tu, kuichukua ni bei nyingine. Jumanne nikachukua mkebe wake wa penseli. Jumatano, kamba yake ya kuruka. Alhamisi nikamtaka akiri mbele ya Hodan na Brayo kwamba yeye ni jasusi wa adui, kwa kuwa kwenye tamthilia mkosaji hukiri dakika kumi za mwisho. Alisimama uani, mikono pembeni, akakiri. Hakutabasamu. Brayo, maiti, aliinuka akasema kwa Kiingereza kwamba mchezo huu haufurahishi, akaingia ndani. Hodan naye akakumbuka ameitwa kwao.

Kadi sikumpa. Nilikuwa nimeificha ndani ya kasha la diski, na kila siku nilipolifungua niliona bado ipo, na bado ina bei.

Jumapili, katikati ya kipindi, Mama Nadine alibisha akiulizia kadi yake, huenda imeangukia kwetu watoto wakicheza. Alikuwa amepata kazi ya usafi kwenye hoteli, kazi yake ya kwanza hapa, na kesho yake asubuhi sharti aonyeshe kadi ndipo aanze. Nadine alisimama nyuma yake. Mama alizima pasi, akainua mito ya makochi, akasogeza kabati, akimfariji mgeni kwamba Mungu hamtupi mja wake. Kasha lilikuwa juu ya runinga, hatua mbili kutoka mkono wake.

"Hujaiona wewe?" mama akaniuliza.

"Sijaiona, mama." Ningeishia hapo. Nikaongeza, "Labda Nadine aliichezea. Yeye hupenda kuchezea vitu."

Mama Nadine aligeuka akamzaba mwanawe kofi, palepale sebuleni kwetu, na la pili, na kwa mara ya kwanza nilihesabu kitu mara moja tu. "Nilipoteza," Nadine akasema. Alinitazama alipokuwa akisema, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayengoja kuambiwa bei.

Niliisukuma kadi kwenye tundu la barua la mlango wao Alhamisi. Hoteli ilikuwa imeshampa kazi mtu mwingine. Mama Nadine alilia kwa furaha kwamba imepatikana, akaleta sahani ya maandazi kumshukuru mama kwa maombi yake. Yalikuwa kumi na mawili. Nilikula matatu.

Walihamia mtaa wa Ladywood kabla Krismasi haijafika. Siku ya kubeba mizigo nilimkuta Nadine ameketi juu ya ukuta mfupi. Nikamuuliza lililokuwa likinikera, maana jambo la bei huniwasha hata nikiwa na makosa: kwa nini hakunitaja, na kwa nini hakuwahi kujaribu kunishusha bei hata kidogo.

Alinijibu kwa Kiswahili cha kwao. "Kwetu, mutu akichukuaka karatasi, hautajake jina yake," alisema. "Unalipa. Basoda banachukuaka, mama analipa, kisha banaona umechoka, banashushaka bei, banarudisha." Basoda ni askari, wale wa vizuizi vya barabarani. "Nilingojea na weye ushushe. Lakini weye unapandishaka tu."

Aliitwa, akashuka ukutani, akaenda kubeba ndoo.

Nataka niseme niliona aibu. Nilifurahi. Nilimsimulia Hodan kwamba hata askari wa Kongo hawaniwezi kwa bei, na alipogeuka kuondoka nilimsimulia tena, nikidhani hakusikia. Ilinichukua miaka kuisikia ile sentensi kama alivyoisema: mtoto wa miaka kumi alinipima na watu waliomwelekezea mama yake bunduki, kwa utulivu, bila kuzidisha wala kupunguza, akakuta wao ndio waliokuwa na huruma. Nimeirudia hesabu hiyo zaidi ya mara mbili. Hainishukii.