Kule Pikapu ya Baba Ililala

Pikapu ya Baba ilinuka grisi na avokado zilizoiva, na ikipanda mlima harufu hiyo ilitufikia jikoni. Tulikaa Kilungu, nyumba yetu ikiwa kwenye mteremko. Mwaka huo Mama alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Hospitali ilikuwa mbali, barabara mbaya, na gari ya karibu ilikuwa hiyo tu, nayo imezeeka. Kwa hivyo Baba alipanga: kwanza springi za nyuma, halafu bushi, zile raba za kwenye maungio, halafu oili na breki, yote yaishe kabla ya mvua na mtoto. Springi moja ilikuwa imechoka, na Baba alisema ni ya kushoto, kwa sababu kila asubuhi aliiona gari imelala upande huo.

Fundi Musyoka alikuja kutoka Nunguni na spana zake ndani ya gunia. Akachuchumaa, akaangalia. "Ni kushoto, mzee."

Mama akacheka akiwa mlangoni. "Baba Mwende, hata sufuria yangu ya maharagwe inalala upande huo. Hapa kwetu ni nini imesimama sawa?"

"Mama Mwende, wewe ombea gari, sisi tutengeneze," Musyoka akasema.

"Ni mimi nitalala huko nyuma na uchungu. Nitaomba, na nitaangalia pia."

Mahali tambarare karibu nasi palikuwa uwanja wa kanisa pekee. Jumapili baada ya ibada, Baba akapeleka pikapu huko kuipima. Wamama wa ushirika wakaizunguka, Biblia kwapani, wakainama kama watu wanaonunua ng'ombe. Gari ilikuwa imelala kulia.

"Bwana asifiwe," Mama akasema.

"Amina!" wakaitikia, hata pasta akicheka.

Kesho yake Musyoka akafungua springi ya kulia, akakuta chuma kimoja kimepasuka, akakibadilisha. Mvua ilipokuja, Mama akashikwa na uchungu. Baba aliendesha polepole kwenye matope, mimi, Mwende, nikiwa nyuma nimemshikilia Mama kwenye godoro. Mutua alizaliwa hospitalini, sio njiani. Tulimshukuru Mungu.

Siku hizi nina gari yangu, kuukuu pia. Gereji inaiinua juu, fundi ananionyesha bushi zilizoisha, tunapanga: mwezi huu hizi, breki zitangoja. Lami imesogea karibu na kwetu, na ambulensi inaitwa kwa simu. Ni afadhali sasa, siwezi kudanganya. Fundi huniuliza nataka kazi iishe lini, nami humwambia wakati wowote wiki hii. Baba hakuweza kusema wakati wowote. Siku yake ilikuwa inakua mbele ya macho yetu sote, tumboni, chini ya leso ya Mama.